Mwanagenzi na Fundi: Je, Wakae Vyumba Mbalimbali?

Wanafunzi wa idara yetu wanaotumia kompyuta katika utafiti wa lugha wana kundi moja la WhatsApp la kusaidiana. Humo anayeandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya toni za Kinande huuliza namna ya kupima sauti kwa programu ya Praat. Anayekusanya hadithi za wazee huuliza jinsi ELAN inavyounganisha maandishi na sauti iliyorekodiwa. Mwingine anataka tu kujua kwa nini herufi zenye alama za toni zinageuka viboksi vitupu akifika kwa mchapaji. Sasa baadhi ya wazoefu wameleta pendekezo: kundi ligawanywe. Wanaoanza wawe na lao, waliokwisha kuzoea wawe na lao, na mtu apande kutoka la kwanza kwenda la pili akishaonyesha kwamba anaweza.

Mimi napinga mgawanyo huo. Lakini niwatendee haki kwanza wenye pendekezo, maana wana hoja, na hoja yao ina umri mkubwa kuliko simu tunazozitumia.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mfumo wa majadiliano ulioitwa Usenet, nao ukaanza kazi mwaka 1980. Kwa miaka mingi wengi wa waliouingia walikuwa watu wa vyuo vikuu. Kila mwezi wa Septemba, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, wageni walimiminika: waliuliza yaliyokwisha kujibiwa, walituma ujumbe mahali pasipofaa, walijibizana ovyo. Wenyeji walinung'unika, wakawafundisha, na baada ya wiki kadhaa wageni walikuwa wamekuwa wenyeji. Kisha, mnamo 1993 na 1994, kampuni zinazouza huduma kwa umma, na hasa America Online, zikawafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wageni wakawa wanaingia kila siku ya mwaka. Wenyeji wakauita wakati huo Septemba isiyokwisha, na jina hilo linatumika hata leo.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama kilio cha mabwana waliovamiwa na washamba. Mimi naisoma tofauti kidogo. Kilichovunjika pale ni uwiano. Wageni mia wakiingia penye wenyeji elfu, wanajifunza kwa kutazama tu. Wageni elfu wakiingia penye wenyeji mia, wanatazamana wao kwa wao. Usenet ilijaribu kujikinga kwa njia mbili ambazo bado tunazo: orodha ya maswali yaulizwayo mara kwa mara pamoja na majibu yake, na kundi maalumu la wageni, lililoitwa news.newusers.questions. Kwa hiyo wazo la chumba cha wanagenzi ni kongwe, na lilizaliwa katika shida ya kweli.

Shida hiyo tunayo hata sisi kwa kipimo chetu. Mtu akieleza kwa mara ya ishirini jinsi ya kuweka fonti, uchovu wake si kiburi. Kwetu kuna pia hesabu ya mega: picha kumi za kioo cha kompyuta, zilizotumwa bila neno la maelezo, zinakula kifurushi cha watu wote walio kundini, pamoja na wale ambao hawajawahi hata kufungua programu inayozungumziwa. Asistanti anayejibu usiku baada ya kufundisha mchana kutwa hafanyi hivyo kwa mshahara. Akichoka ataondoka kimya kimya, na kundi halitagundua mpaka siku swali gumu litakapokosa mwenye kulijibu.

Basi kwa nini nisikubali vyumba viwili? Kwa sababu pendekezo linadhani kwamba maswali ya wanagenzi ni mepesi na maswali ya wazoefu ni magumu. Sisi watu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulishuku wazo hilo. Upo mfano unaotuhusu moja kwa moja.

Mtandao wa majukwaa ya maswali na majibu uitwao Stack Exchange ulianzisha mwaka 2010 jukwaa la lugha ya Kiingereza, English Language & Usage. Lilijitangaza kuwa ni la wanaisimu, wachunguzi wa asili ya maneno na wapenzi wa dhati wa lugha hiyo. Waliokuja wakawa pia wengine: watu wa kila pembe ya dunia wanaojifunza Kiingereza, wakiuliza kama waweke kibainishi mbele ya nomino fulani au wasiweke. Wenyeji wakaanza kuyafunga maswali ambayo, kwa maoni yao, kamusi yoyote ingeyajibu. Malalamiko yakazidi pande zote mbili, na mwaka 2013 likafunguliwa jukwaa la pili, English Language Learners, kwa ajili ya wanaojifunza. Majukwaa yote mawili yangali hai.

Kwa juu juu huo ni ushindi wa wenye kugawa. Tazama hata hivyo kilichotokea ndani. Baadhi ya wajibu maswali hodari wa jukwaa la zamani walijiunga na lile jipya, wakakaa huko, kwa sababu waliona kwamba swali la mwanafunzi ndilo linalochimba. Mzawa wa Kiingereza haulizi kamwe kwa nini kibainishi kinakaa hapa na hakikai pale, anakiweka tu. Anayeuliza ni Mjapani, au Mrusi, au Mkongo ambaye lugha yake haina kitu cha namna hiyo. Na kulijibu swali lake vizuri kunahitaji nadharia ya urejeleo, ya ujuzi unaoshirikiwa kati ya msemaji na msikilizaji, ya hesabika na isiyohesabika. Swali la mzoefu kuhusu asili ya neno fulani la karne ya kumi na saba linaweza kujibiwa kwa kufungua kitabu kimoja.

Tujipime wenyewe kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa mwezi wa pili anasoma sentensi hii: Rafiki yangu mwema amefika. Anauliza: ikiwa ni «yangu», mbona si «njema» na «imefika»? Na ikiwa ni «mwema» na «amefika», mbona si «wangu»? Nimeona wasemaji wazuri sana wakijibu kwamba ndivyo tunavyosema, basi. Lakini mwanagenzi ameweka kidole penye mshono wenyewe. Neno rafiki kwa umbo liko katika ngeli ya N, pamoja na nyumba na meza, na kwa maana ni mtu mwenye uhai. Kivumishi na kitenzi vinafuata maana. Kimilikishi kinafuata umbo. Baba, ndugu na dada hufanya vivyo hivyo. Halafu anakuja ng'ombe, ambaye naye yuko ngeli ya N kwa umbo, lakini tunasema ng'ombe wangu, na wakiwa wengi tunasema ng'ombe zangu. Kwa nini undugu na urafiki ushikilie umbo la zamani katika umoja, na mnyama asilishike? Hapo profesa mwenyewe anavuta kiti. Swali hili lingepelekwa kwenye chumba cha wanaoanza, nani angeliona?

Wanahisabati nao wana vyumba viwili. MathOverflow, ulioanzishwa 2009, ni wa hisabati ya utafiti. Mathematics Stack Exchange, wa 2010, unapokea ngazi zote. Mgawanyo huo unafanya kazi vizuri, na sitauzungumzia sana, kwa sababu unagawa jambo lenyewe: swali la utafiti ni lile ambalo jibu lake huenda halijulikani na mtu yeyote. Mwanafunzi mwenye swali la namna hiyo anakaribishwa, na profesa mwenye swali la kawaida anaelekezwa mlango wa pili. Kinachopimwa ni swali. Pendekezo la kundi letu linampima mtu.

Kumpima mtu kuna hatari nyingine, ambayo katika kitivo chetu inafundishwa kwa jina lake. Mwaka 1972 Larry Selinker alieleza kwamba mwenye kujifunza lugha ya pili hujenga lugha yake ya kati, yenye kanuni zake, ambayo si lugha ya mama wala lugha lengwa. Alionyesha pia kwamba baadhi ya makosa ya lugha hiyo ya kati hukataa kuondoka, yanaganda. Mambo yanayogandisha ni mengi, na wataalamu wanaendelea kubishana, lakini yeyote aliyewahi kufundisha darasa la watu hamsini anajua kwamba wanafunzi wanaosikilizana wao kwa wao tu wanaambukizana makosa kwa sauti ya uhakika kabisa. Kundi la wanaoanza peke yao lingekuwa darasa la namna hiyo. Mtu angejibiwa upesi, kwa upole, na kimakosa. Na jibu la makosa katika mambo ya kiufundi lina ubaya wake: mara nyingi linafanya kazi leo. Aliyeambiwa abadilishe herufi ya toni kwa alama nyingine «inayofanana» ataridhika mpaka siku atakapotafuta neno hilo katika faili lake la maneno elfu tatu na kompyuta isilione.

Upo mfano wa Kiafrika ambao naupenda kuliko yote ya mitandaoni. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, akitazama wanagenzi wanavyojifunza. Hapakuwa na darasa. Mwanagenzi alikaa dukani, katikati ya mafundi na wateja. Alianza mwisho wa kazi: kushona vifungo, kupinda pindo za nguo ambayo fundi ameikata na kuishona. Baadaye alishona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kitambaa kulikuja mwisho, kwa sababu pindo mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara. Vilevile alianza na kofia na nguo za ndani, na suti rasmi ikangoja. Kutokana na kazi hiyo na nyingine, Lave na Etienne Wenger walichapisha mwaka 1991 kitabu kidogo, Situated Learning, chenye hoja kwamba kujifunza ni kuingia polepole katika jumuiya ya kazi, kuanzia pembeni kuelekea katikati.

Ninachotaka kionekane hapo ni kwamba duka ni moja. Mwanagenzi na fundi hawafanyi kazi ya aina moja, wala haki zao si sawa. Hakuna anayemwachia mkasi mtoto aliyefika juzi. Lakini akiwa anapinda pindo anasikia fundi anavyobishana na mteja juu ya kipimo, anaona suti inavyokatwa, na kila siku ana mbele ya macho yake nguo iliyokamilika. Anajua anakokwenda. Ukimweka katika chumba cha vifungo pamoja na wenziwe wa vifungo, atajua vifungo.

Mitandaoni walio karibu zaidi na duka hilo, kwa maoni yangu, ni Wikipedia ya Kiingereza na nyumba yake ya chai, Teahouse, iliyofunguliwa 2012. Wahariri wapya huenda huko kuuliza lolote, na wahariri wazoefu waliojitolea huwapokea kwa adabu maalumu: kusalimu, kujibu kwa maneno kamili, kutomrushia mgeni kiungo cha sheria na kumwacha. Utasema: hicho si chumba cha wanagenzi? Ndiyo, lakini wazoefu wameketi humo kwa hiari, na mgeni anapotoka anaingia katika kamusi elezo ileile ya watu wote. Hakuna kamusi elezo ya wanaoanza. Hata kiambaza cha mlangoni kinatosha, mradi nyumba ni moja.

Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu lililoanzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, lilichagua njia ya alama. Jibu likipigiwa kura, mwenye jibu anapata alama 10. Akifikisha 15 anaweza kupigia kura kazi za wengine, kwa 50 anaweza kutoa maoni popote, na kwa 3,000 anashiriki kuamua swali gani lifungwe. Hizo ni ngazi za duka la cherehani: haki huja na kazi. Lakini kuna kitu kilikosekana. Mnamo Aprili 2018 kiongozi mmoja wa kampuni hiyo, Jay Hanlon, aliandika waziwazi kwamba watu wengi, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe, waliliona jukwaa kuwa mahali pa ukali. Alama zilikuwa zimeeleza nani anaruhusiwa kufunga. Hazikumfundisha mtu kufungua. Baadaye, mwaka 2024, walileta uwanja wa matayarisho ambapo swali la mgeni husomwa kwanza na wazoefu wachache wanaomsaidia kulisahihisha, kisha ndipo linatokea mbele ya wote. Hilo nalipenda, na nitalirudia hapo chini.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo mijadala ya Ulaya na Marekani hulipita haraka, na ambalo kwetu ni kiini. Katika majukwaa makubwa ya kiufundi, mtengano mkali zaidi tayari upo, nao ni lugha. Stack Overflow linataka maswali ya Kiingereza. Lina matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani, na halina la Kiswahili. Mtafiti wa Bukavu au Kisangani aliyetumia Praat miaka kumi, lakini Kiingereza chake ni cha shule, anaandika swali la kizoefu katika sentensi za mwanagenzi, na anapokelewa kama mwanagenzi. Kinyume chake, mwenye Kiingereza laini anaweza kuficha ujinga mkubwa. Tukigawa watu kwa jinsi maswali yao yanavyosikika, tutakuwa tumegawa kwa ufasaha na kuuita ujuzi. Kundi letu lina thamani kwa sababu hii hasa: ni mojawapo ya mahali pachache ambapo swali la kitaalamu juu ya upimaji wa sauti linaulizwa kwa Kiswahili, na msamiati wa kuliuliza unatengenezwa papo hapo na mwenye kujua pamoja na asiyejua. Juzi tulibishana siku nzima kama «mstari wa kidatu» unatosha au tutafute neno lingine. Wazoefu wakijifungia peke yao watarudi kwenye Kifaransa kabla ya wiki kwisha, nawafahamu.

Wapo wanaosema wanaoanza wenyewe ndio wanaotaka chumba chao, kwa aibu. Hilo ni kweli, na kwetu lina uzito. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye kwenye kampasi bado anaitwa bleu na kufanyiwa mzaha, hawezi kwa urahisi kuandika mbele ya watu mia mbili, asistanti akiwa miongoni mwao, kwamba hajui faili lake limeenda wapi. Methali ya kuuliza si ujinga tunaifahamu sote, na aibu haijawahi kuisikiliza. Lakini aibu inatibiwa na mlango mdogo kuliko ukuta mkubwa.

Ndiyo maana napendekeza uwanja wa matayarisho wa kwetu. Kila wiki wazoefu watatu, kwa zamu, wapokee maswali kwa faragha kutoka kwa yeyote anayeona haya au asiyejua kuliweka swali lake. Wasimjibu huko. Wamsaidie kuliandika, kisha aliweke mwenyewe kundini, kwa jina lake. Jibu likitoka, mmoja wa wale watatu alinakili katika waraka mmoja ambao kila mtu anaweza kuupakua bila kutumia mega nyingi: maandishi matupu, bila picha. Fonti na mafaili yaliyopotea yataishia humo, na asistanti atapumzika. Zamu ya kupokea iwe pia ya wale walioanza mwaka jana. Aliyevuka mto juzi anakumbuka mawe yalipo kuliko aliyezaliwa ng'ambo.

Mfano wa kazi yenyewe. Mwanafunzi anaandika: «Praat yangu imeharibika, mstari unaruka.» Mpokeaji anamuuliza mambo manne: sauti ni ya nani, lugha gani, mipaka ya kidatu ameiweka wapi, mstari unaruka kwenda juu au chini. Swali linarudi hivi: «Nimerekodi bibi mmoja akisema Ciluba. Mipaka ni ile ya sauti ya mwanamume niliyoitumia jana. Katika silabi za mwisho mstari unashuka ghafla hadi nusu ya kiwango chake. Je, ni toni ya chini au ni programu?» Sasa mzoefu ana cha kushika. Sauti ya mwanamume mtu mzima huzunguka hezi 120 hivi, ya mwanamke hezi 200 au zaidi kidogo. Mpaka wa chini ukiachwa chini mno, programu inaweza kuhesabu mitetemo miwili kuwa mmoja na kuonyesha nusu. Huenda pia sauti ya bibi inakwaruza mwishoni mwa sentensi, na hapo kubadilisha mpaka hakutoshi. Ikiwa lugha ni Ciluba, ambayo toni zake zimegeuka ukizilinganisha na lugha nyingi jamaa zake, kutofautisha kosa la programu na toni ya chini ya kweli ndiyo kazi nzima ya sura ya tatu ya utafiti wake. Sentensi ya kwanza ingepelekwa chumba cha wanaoanza. Ya pili ingegombewa na wazoefu. Mwandishi wake ni mmoja, na kati ya hizo mbili zimepita dakika kumi.